Tunatembea pamoja na tunakula sawa: mbona sukari yake imeshuka kuliko yangu?

"Daktari, nina umri wa miaka 44 na mdogo wangu wa kiume ana miaka 41. Baba na mama yetu wote walikuwa na kisukari. Mwaka jana sisi wawili tuligunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya 2, tukapishana wiki chache tu, na tukaandikiwa dawa ya metformini kwa dozi ileile. Tunaishi nyumba moja, kwa hiyo tuliamua kubadilika pamoja: tunatembea kwa kasi nusu saa, siku tano kwa wiki, tumeacha vinywaji vyenye sukari na tumepunguza vyakula vya wanga. Baada ya miezi sita HbA1c yake (kile kipimo cha damu cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) imetoka asilimia 7.9 hadi 6.3, na amepungua kilo 9 kutoka kilo 98. Mimi nimetoka 8.4 hadi 7.5, na nimepungua kilo 3 tu kutoka kilo 71. Sijadanganya hata siku moja. Labda niongeze kwamba miaka tisa iliyopita, nikiwa na ujauzito wa mwanangu wa mwisho, niliambiwa nina kisukari cha mimba, kikaisha nilipojifungua. Nimesoma kwamba kuna watu ambao vinasaba vyao havikubali mazoezi. Je, mimi ni mmoja wao? Nipime vinasaba ili nijue chakula na mazoezi yanayonifaa? Na kama mwili wangu umekataa, nahangaikia nini?"

Dada yangu, nianze na tarakimu ambazo umeziandika mwenyewe lakini, nadhani, hukuzipa haki yake. HbA1c yako imeshuka kwa 0.9. Katika utafiti mkubwa wa kisukari cha aina ya 2 uliofanyika Uingereza, unaojulikana kwa kifupi kama UKPDS, kila upungufu wa 1 katika kipimo hicho uliambatana na upungufu wa takriban asilimia 37 wa madhara ya mishipa midogo ya damu, yaani yale yanayogusa macho na figo, na upungufu wa asilimia 21 wa vifo vinavyotokana na kisukari. Sehemu ya mafanikio yenu ni kazi ya metformini, na hilo ni kweli kwako na kwa mdogo wako pia. Lakini ungeniandikia habari zako peke yako, bila kumtaja yeye, ningekujibu kwa kukupongeza na kukuuliza tunaendeleaje kutoka hapo. Kinachokuumiza ni ulinganisho, na ulinganisho wenyewe una kasoro ambazo nitajaribu kuzifafanua moja baada ya nyingine, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jibu la swali lako kuhusu vinasaba.

Habari uliyoisoma haikutungwa hewani. Katika miaka ya 1990, watafiti walioongozwa na Claude Bouchard waliwachukua watu zaidi ya 700, wakiwa katika familia zao, ambao hawakuwa na mazoea ya kufanya mazoezi, wakawapa programu moja ya kuendesha baiskeli ya ndani kwa wiki 20, kisha wakapima uwezo wa miili yao kutumia oksijeni. Kuna walioongezeka kidogo mno, na kuna walioongezeka kwa lita nzima kwa dakika. Watu wa familia moja walielekea kufanana, na watafiti wakakadiria kwamba hadi asilimia 47 ya tofauti hizo ilifuata familia. Usikivu wa mwili kwa insulini nao uliongezeka kwa wastani wa asilimia 10 hivi, lakini kwa kutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Kuanzia hapo likaenea neno la "wasioitikia mazoezi", na kadiri lilivyosafiri ndivyo lilivyozidi kuwa kali, hadi limekufikia wewe likiwa kama hukumu.

Silipendi neno hilo, na nina sababu. Mtu anayeonekana hakuitikia katika kipimo kimoja mara nyingi ameitikia katika kingine: pumzi yake haikuongezeka, lakini shinikizo la damu limeshuka, au mafuta ya damu yamepungua. Tena kutoitikia hutegemea sana kipimo cha mazoezi yenyewe. Mwaka 2017 watafiti Montero na Lundby walichapisha jaribio walilowafanyia vijana wenye afya, ambamo kundi moja lilifanya mazoezi mara moja kwa wiki, jingine mara mbili, na kuendelea hadi mara tano, saa moja kila mara, kwa wiki sita. Miongoni mwa waliofanya mara moja, zaidi ya nusu hawakubadilika kwa kiasi cha maana. Miongoni mwa waliofanya mara nne au tano, hakubaki hata mmoja. Kisha wale waliokuwa wameandikwa kuwa hawakuitikia waliongezewa dakika 120 kwa wiki kwa wiki sita nyingine, na wote wakaitikia. Hao walikuwa vijana wasio na kisukari, na kilichopimwa ni uwezo wa pumzi wala si sukari, kwa hiyo sikuambii kwamba jambo hilohilo litakutokea wewe kwa tarakimu zilezile. Nakuambia tu kwamba mwili uliosema "bado" haujasema "hapana".

Sasa tuingie ndani ya mwili. Sukari ya damu haisimamiwi na kiungo kimoja. Kongosho hutoa insulini kupitia seli ziitwazo seli beta; ini hutengeneza sukari usiku na wakati wa njaa, na linatakiwa kuacha likiona insulini; misuli hupokea sehemu kubwa ya sukari inayotokana na chakula; na tishu za mafuta huhifadhi ziada ili isiende kurundikana kwenye ini na kongosho. Kisukari cha aina ya 2 huanza pale misuli na ini vinapokuwa vizito kuisikia insulini na, wakati huohuo, seli beta zinaposhindwa kuzalisha insulini ya ziada ya kufidia uzito huo. Watu wawili wanaweza kuwa na HbA1c inayokaribiana huku mmoja tatizo lake kubwa likiwa kwenye ini lililojaa mafuta na mwingine tatizo lake likiwa kwenye kongosho lenye akiba ndogo. Jina la ugonjwa ni moja, na vidonge walivyoandikiwa ni vilevile, lakini kutembea na kupungua uzito hakuwezi kuwasaidia kwa mwendo mmoja.

Vinasaba huingia hapo. Hakuna jeni moja ya kisukari cha aina ya 2. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024, uliojumuisha watu zaidi ya milioni 2.5 wa asili mbalimbali, ulitambua maeneo 611 ya vinasaba yanayohusiana na ugonjwa huu, na karibu kila moja lina mchango mdogo sana. Mengi kati ya yale tuliyoyaelewa vizuri hugusa seli beta. Mengine hugusa mahali mwili unapohifadhi mafuta, mengine hamu ya kula. Wewe na mdogo wako, mkiwa watoto wa baba mmoja na mama mmoja, mnashiriki kwa wastani nusu tu ya yale ambayo wazazi wenu walitofautiana. Wazazi wote wawili wakiwa na kisukari, makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba mtoto ana uwezekano wa karibu asilimia 70 wa kukipata maishani, lakini hakuna kinachosema kila mtoto atakipata kwa kupitia mlango uleule. Yeye huenda amerithi zaidi upande wa uzito, wewe ukarithi zaidi upande wa kongosho. Nasema huenda, kwa kuwa kwa barua peke yake siwezi kulithibitisha. Hata hivyo habari ya mimba yako, ambayo uliiongeza kana kwamba ni jambo dogo, inanielekeza huko, nami nitairudia.

Je, mtu aliyerithi kongosho dhaifu hufaidika na mabadiliko ya maisha? Swali hilo limejaribiwa moja kwa moja. Jeni yenye mchango mkubwa kuliko nyingi katika kisukari cha kawaida inaitwa TCF7L2, na uhusiano wake na ugonjwa ulitangazwa mwaka 2006 na watafiti wa Iceland. Toleo lake la hatari hupunguza utoaji wa insulini. Mwaka huohuo liliangaliwa ndani ya jaribio la kuzuia kisukari la Marekani, lile lililowagawa watu 3,234 wenye dalili za awali katika makundi ya dawa bandia, metformini, na mabadiliko ya maisha yenye lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Katika kundi la dawa bandia, waliorithi toleo hilo kutoka kwa wazazi wote wawili walikuwa na uwezekano wa karibu asilimia 80 zaidi wa kupata kisukari kuliko wasiokuwa nalo kabisa. Katika kundi la mabadiliko ya maisha, tofauti hiyo ilikaribia kufutika. Baadaye watafiti walijumlisha matoleo 34 ya hatari kwa pamoja, na wale waliobeba mzigo mkubwa zaidi wa urithi nao walinufaika. Lazima niseme kwamba washiriki hao walikuwa bado hawajaugua, na kuzuia ugonjwa si sawa na kuutibu. Lakini kama vinasaba vya kawaida vingekuwa na uwezo wa kubatilisha juhudi, hapo ndipo tungeliona jambo hilo.

Kuna sababu ya kimwili kwa nini mazoezi hayazuiliwi kirahisi na urithi. Sukari huingia kwenye msuli kwa kubebwa na protini iitwayo GLUT4, ambayo hukaa ndani ya seli ikisubiri kuitwa juu. Insulini ni mmoja wa waitaji. Mwingine ni mkunjo wa msuli wenyewe: unapotembea au kunyanyua kitu kizito, msuli huita protini hiyo kwa njia yake, bila kuisubiri insulini. Ndiyo maana hata mtu ambaye mwili wake umekuwa sugu kwa insulini hushusha sukari akitembea baada ya kula. Mfano mzito kuliko yote unatoka Greenland, ambako mwaka 2014 iligunduliwa hitilafu katika jeni ya TBC1D4 inayoziba njia ya insulini kwenye misuli. Waliorithi nakala mbili wana hatari ya kisukari takriban mara 10, na sukari yao hupanda hasa baada ya chakula. Hata kwao, mazoezi yanaonekana kusaidia. Ukitafuta mtu ambaye vinasaba vimemfungia mlango kwelikweli, ungeanzia kwa watu hawa, na bado mlango wa pili uko wazi.

Uzito ni habari nyingine, na hapa nakubali kwamba urithi una nguvu zaidi. Bouchard huyohuyo aliwahi kuwalisha mapacha wa kufanana, jozi 12, kalori 1,000 za ziada kwa siku, siku sita kwa wiki, katika kipindi cha siku 100. Aliyeongezeka kidogo zaidi alipata kilo 4.3 na aliyeongezeka zaidi alipata kilo 13.3, na pacha alifanana na pacha mwenzake kuliko alivyofanana na wengine waliokula ziada ileile. Lakini usiharakishe kuzitia kilo zako tatu katika hesabu hiyo. Mdogo wako ni mwanamume aliyeanza na kilo 98, na mwili mkubwa hutumia nishati nyingi zaidi kwa mwendo uleule. Chakula mlichopunguza, kikiwa kiasi sawa kwa macho, kwake kilikuwa pengo kubwa na kwako kilikuwa pengo dogo. Yeye amepoteza zaidi ya asilimia 9 ya uzito wake, wewe asilimia 4 na kitu. Hata jeni ya FTO, ambayo inajulikana sana kwa kuhusishwa na unene, haimzuii aliyeirithi kupungua: majaribio manane yaliyowajumuisha watu zaidi ya 9,500, yalipochambuliwa kwa pamoja mwaka 2016, yalionyesha kwamba wenye toleo la hatari walipungua sawa na wengine.

Jambo linalonivutia zaidi katika barua yako ni kwamba uliugua ukiwa na kilo 71, na yeye akiwa na 98. Roy Taylor wa Newcastle, ambaye kundi lake limefanya kazi kubwa kuhusu kurudisha nyuma kisukari, anapendekeza kwamba kila mtu ana kiwango chake binafsi cha mafuta ambacho mwili wake unaweza kukihifadhi salama, na kwamba ugonjwa hutokea pale kiwango hicho kinapovukwa, hata kama mizani inaonyesha uzito wa wastani. Kiwango hicho kinategemea urithi kwa sehemu. Kwa kuutazama mwili wako hivyo, kilo tatu si kidogo kama unavyozihesabu, na kilo nyingine tatu au nne zinaweza kukupa faida inayozidi mwonekano wake.

Kisha kuna ile mimba. Kisukari cha mimba huisha mtoto akizaliwa, ni kweli, lakini huwa kimekwisha kueleza jambo: kwamba kongosho lilipotakiwa kuzalisha insulini ya ziada, lilikosa akiba ya kutosha. Wanawake waliowahi kukipata wana uwezekano wa takriban mara 7 hadi 10 zaidi wa kupata kisukari cha aina ya 2 baadaye, na ndiyo sababu hushauriwa kupimwa tena kila mwaka mmoja hadi mitatu. Husemi kama ulipimwa katika miaka hiyo tisa. Kama hukupimwa, inawezekana sana kwamba sukari yako ilikuwa ikipanda taratibu muda mrefu kabla ya mwaka jana, ilhali yake ilianza juzi. Mligunduliwa pamoja, hiyo haina maana kwamba mliugua pamoja. Muda wa ugonjwa una uzito mkubwa hapa, kwa kuwa kwa makadirio ya UKPDS mgonjwa wa kawaida huwa amekwisha kupoteza karibu nusu ya uwezo wa seli beta kufikia siku ya kugunduliwa, na upungufu huendelea baada ya hapo. Kwa mtazamo wangu, hii ni sababu yenye nguvu kuliko jeni yoyote ya "kukataa mazoezi". Faraja moja ni kwamba katika lile jaribio la Marekani, wanawake wenye historia kama yako walipunguza hatari yao kwa karibu nusu, iwe kwa mabadiliko ya maisha au kwa metformini; kwa hiyo dawa uliyopewa si ya kubahatisha.

Nisije nikasahau kipimo chenyewe. HbA1c hupima sukari iliyoshikamana na himoglobini ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi miezi minne hivi. Chochote kinachobadilisha umri wa chembe au umbo la himoglobini hubadilisha jibu bila kubadilisha sukari. Upungufu wa madini ya chuma, ambao ni wa kawaida kwa wanawake wenye hedhi nzito, unaweza kulipandisha jibu kuliko ukweli ulivyo. Kwa upande mwingine, mtu aliyerithi nusu ya selimundu, ambaye haumwi kabisa, anaweza kuonyesha jibu la chini kuliko sukari yake halisi, na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, ambao huwapata zaidi wanaume kwa sababu jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, hufanya hivyohivyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Sidai kwamba mna hali hizo. Ila unaona kwamba vinasaba vinaweza kuleta tofauti kati ya karatasi mbili za maabara pasipo kuwa na tofauti kubwa hivyo kati ya watu wawili. Njia ya kujua ni rahisi: kupima picha kamili ya damu na akiba ya chuma, na kulinganisha HbA1c na vipimo vya kidoleni vya nyumbani.

Kuhusu kupima vinasaba ili kuchagua chakula, jibu langu ni usilipie. Mwaka 2018 lilichapishwa jaribio la Marekani lililoitwa DIETFITS, la watu 609 kwa miezi 12, ambamo wengine walipunguza mafuta na wengine walipunguza wanga, na watafiti wakaangalia kama vinasaba vilivyodhaniwa "kufaa" mlo fulani vingetabiri nani apungue zaidi. Havikutabiri. Vipimo vinavyouzwa kwa ahadi ya mlo unaolingana na vinasaba vyako vimekimbia mbele ya ushahidi. Nijuavyo kutokana na kazi yangu, mtu akishapewa karatasi ya namna hiyo huanza ama kujikatia tamaa ama kujiamini kupita kiasi, na yote mawili hayashushi sukari.

Kipo kipimo cha vinasaba ambacho ni cha maana, nacho ni cha kisukari kinachosababishwa na jeni moja, kiitwacho MODY. Hushukiwa pale mtu anapougua akiwa kijana, kwa kawaida kabla ya miaka 25 au 30, bila unene, katika familia ambayo kila kizazi kina mgonjwa. Aina yake mojawapo, ya jeni ya HNF1A, huitikia vizuri sana dawa za kundi la sulfonilurea, zinazolisukuma kongosho litoe insulini, kwa dozi ndogo, hivyo kuitambua hubadilisha tiba. Nyingine, ya jeni ya GCK, mara nyingi hugunduliwa wakati wa ujauzito, na kwa sababu hiyo niliifikiria nilipokusoma. Lakini aina hiyo hubaki na sukari iliyopanda kidogo tu, HbA1c yake kwa kawaida haivuki 7.6 hivi, na wewe ulianza na 8.4. Kwa hiyo siitarajii kwako. Muulize tu aliye hai kati ya wazee wenu, au ndugu zao, walipougua walikuwa na umri gani. Kama yupo aliyegunduliwa akiwa na miaka 20 na kitu, mweleze daktari wako.

Ufanye nini, basi? Kwa wiki moja, pima sukari kabla ya kula na saa mbili baada ya kuanza kula, uandike, pamoja na ile ya asubuhi kabla ya kitu chochote. Ikiwa ya asubuhi ndiyo iliyo juu, ini ndilo linalohitaji kusukumwa, na hapo kupungua uzito, usingizi wa kutosha na metformini inayomezwa sawasawa ndivyo vyenye tija. Ikiwa inapanda baada ya chakula, misuli na kongosho ndiko kwa kushughulikia: gawa ule mwendo wenu wa nusu saa uwe dakika kumi hadi kumi na tano baada ya kila mlo, na ongeza mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, kunyanyua uzito au kuinuka na kuchuchumaa, kwa kuwa msuli mwingi ni ghala kubwa zaidi la sukari. Mazoezi ya nguvu kwa mwanamke wa uzito wako ndiyo ningeyaweka mbele, kuliko kuongeza maili za kutembea. Ila daktari ayatazame macho yako kwanza, kwa maana mishipa iliyodhoofika nyuma ya jicho haipendi mkazo mkubwa wa kunyanyua.

Kupungua uzito mwingi kwa haraka ni chaguo la kweli, lakini kwa masharti. Katika jaribio la DiRECT la Uingereza, lililowahusu watu waliokuwa na kisukari kwa muda usiozidi miaka sita, asilimia 46 ya waliopewa mpango wa kupunguza uzito kwa mlo maalumu walikuwa wameondoka kwenye kiwango cha kisukari bila dawa baada ya mwaka mmoja, na miongoni mwa waliopoteza kilo 15 au zaidi walikuwa asilimia 86. Washiriki hao kwa kawaida walikuwa wazito kuliko wewe. Kilo 15 kutoka kwenye 71 zinaweza kukufikisha mahali pasipo na afya, hivyo usijiwekee lengo hilo bila mtu wa kukupima urefu na kukufuatilia.

Na kama baada ya miezi mitatu mingine HbA1c imebaki juu ya lengo mlilokubaliana na daktari, ongezewa dawa. Natamani wagonjwa wangu waache kuiona dawa ya pili kama cheti cha kushindwa. Kongosho lenye akiba ndogo linahitaji msaidizi, jinsi jicho lisiloona mbali linavyohitaji miwani, na mazoezi yako yanaweza kufanya dawa hiyo itoshe kwa dozi ndogo. Ukipewa sulfonilurea, kwa mfano glibenklamaidi, uliza mapema namna ya kuzuia sukari kushuka kupita kiasi siku za mazoezi. Metformini peke yake haina tabia hiyo, na umezoea kutembea bila kuwaza.

Usingoje miezi mitatu ikiwa utaanza kukonda bila kukusudia, kiu na mkojo vikazidi, au sukari ikabaki juu ya milimoli 15 kwa lita. Hapo nenda ukaonwe siku hiyohiyo au kesho yake, na ukitapika au kupumua haraka nenda mara moja. Kwa mtu aliyeugua bila unene mkubwa, daktari anaweza kuagiza kipimo cha kingamwili za GAD, zinazoonyesha kwamba kinga ya mwili inashambulia kongosho, na cha C-peptaidi, kinachoonyesha insulini ambayo mwili bado unaitengeneza, ili kuhakikisha kwamba si kisukari cha kinga ya mwili kinachokuja polepole ukubwani, ambacho hufanana na aina ya 2 miaka ya mwanzo kisha kikahitaji insulini. Ningeomba vipimo hivyo kwa ajili yako hata sasa, bila haraka, pamoja na macho, figo na miguu kama hujapimwa tangu ugunduliwe.

Neno moja kuhusu mdogo wako, kwa sababu nahisi nyumbani ameshatangazwa kuwa amepona. HbA1c ya 6.3 akiwa bado anameza metformini ni udhibiti mzuri, si nafuu kamili; wataalamu walikubaliana mwaka 2021 kwamba nafuu huhesabiwa pale kipimo kinapokaa chini ya 6.5 kwa angalau miezi mitatu baada ya kuacha dawa, na kuacha kwenyewe hupangwa na daktari. Tena, kwa yale niliyoeleza kuhusu chembe nyekundu, hiyo 6.3 yenyewe inafaa ihakikishwe. Ile wiki ya kupima kidoleni ifanyeni wote wawili, kila mmoja na daftari lake, na muende kliniki nayo yote.